Panga za kale za Japani: Kwa nini sahihi na cheti pekee havitoshi

Desemba 1945, miezi michache baada ya Japani kusalimu amri, mkuu wa ukoo wa Tokugawa alipeleka panga za familia yake katika kituo cha polisi cha Mejiro, mjini Tokyo. Majeshi ya Marekani yaliyokuwa yakiikalia nchi hiyo yalikuwa yameagiza raia wasalimishe silaha zote, na panga zilihesabiwa kuwa silaha.

Miongoni mwa panga hizo ulikuwemo Honjo Masamune, kazi ya mhunzi Masamune aliyeishi kati ya karne ya 13 na ya 14. Watawala wa ukoo wa Tokugawa walikuwa wamerithishana upanga huo kwa zaidi ya miaka 200, na mwaka 1939 serikali ya Japani iliutangaza kuwa hazina ya taifa.

Mwezi mmoja baadaye, panga hizo zilikabidhiwa kwa mtu aliyejitambulisha kuwa sajenti wa jeshi la Marekani. Jina lililoandikwa na polisi halijawahi kulinganishwa kwa uhakika na askari yeyote kwenye kumbukumbu za jeshi. Honjo Masamune haujaonekana tena tangu siku hiyo.

Huenda uliyeyushwa pamoja na vyuma chakavu. Huenda pia umelala juu ya kabati katika nyumba fulani Marekani, na wenye nyumba hawajui wana nini. Uwezekano huo wa pili ndio unaowafanya wakusanyaji wa panga za Japani wachungulie kila mnada wa vitu vya marehemu. Ndio pia unaowatajirisha matapeli.

Zilivyotapakaa duniani

Maelfu ya panga zilitoka Japani mikononi mwa askari waliozibeba kama kumbukumbu ya vita. Nyingine nyingi ziliharibiwa. Mtaalamu wa panga wa Japani, Honma Junji, na wenzake waliwasihi wakuu wa majeshi ya Marekani watenganishe silaha za kawaida na kazi za sanaa, na ofisa mmoja Mmarekani, Kanali Cadwell, akawasikiliza. Panga zilizokuwa zimelundikwa katika ghala la jeshi huko Akabane zilichambuliwa, na elfu kadhaa zikaokolewa. Hadi leo panga hizo huitwa kwa jina la eneo hilo.

Wapo waliorudisha. Walter Compton, mkuu wa kampuni ya dawa nchini Marekani na mkusanyaji mashuhuri, aligundua kwamba upanga mmoja alionunua nchini mwake ulikuwa hazina ya taifa iliyopotea kutoka hekalu la Terukuni huko Kagoshima. Ulikuwa kazi ya mhunzi Kunimune. Mwaka 1963 aliurudisha bila kudai malipo.

Lakini kwa kila upanga wa aina hiyo, zipo panga nyingi sana zilizotengenezwa kiwandani kwa ajili ya maofisa wa jeshi katika miaka ya 1930 na 1940. Kwa mbali zinafanana: umbo lilelile la kupinda, mpini uliosukwa kwa uzi, ala ya mbao au chuma. Tofauti ni kwamba chuma chake hakikufuliwa na kukunjwa kwa njia ya jadi. Zina thamani kwa wanaokusanya vifaa vya vita, lakini hazihesabiwi kuwa sanaa ya upanga. Familia nyingi zinazodhani babu aliacha urithi wa mamilioni huwa na upanga wa aina hii.

Anza na msuka

Ukitaka kujua habari za upanga wa Japani, usianzie kwenye makali. Anzia kwenye msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Mpini hushikiliwa na kijiti kimoja tu cha mwanzi. Kikisukumwa kutoka, mpini unavulika na msuka unabaki wazi.

Hapo ndipo mhunzi huchonga jina lake, na mara nyingine tarehe na mahali alipofanyia kazi. Hapo ndipo pia ilipo kutu. Kutu ya msuka wa kale ni nyeusi au kahawia iliyoiva, laini, na imeenea kwa utulivu hadi ndani ya herufi za sahihi. Kutu nyekundu ya kuchubuka, au herufi zinazong'aa ndani ya kutu ya kale, ni dalili kwamba kuna mtu aliyefika hapo baadaye na patasi.

Hii ndiyo sababu wataalamu huumia wanapoona msuka uliosafishwa. Mtu hurithi upanga, anaona kutu, anachukua msasa na kuusugua ung'ae, kwa nia njema kabisa. Kwa nusu saa anafuta ushahidi wa miaka 400, na hakuna fundi anayeweza kuurudisha.

Makali nayo yasiguswe na mtu asiye fundi. Kunoa upanga wa Japani ni taaluma inayojitegemea, hujifunzwa kwa miaka mingi, na kila mara upanga unaponolewa chuma hupungua. Fundi wa kawaida akiupitisha kwenye mashine, anaondoa mistari na umbo ambavyo mnunuzi angelipia. Kuna dosari moja isiyo na tiba kabisa: ufa mdogo unaokata makali kwa upande, pengine mwembamba kama unywele. Upanga wenye ufa huo hupoteza karibu thamani yake yote, hata kama aliyeufua alikuwa bingwa.

Sahihi husomwa mwisho

Mnunuzi mgeni hutafuta jina kubwa. Mjuzi hulishuku. Sahihi za wahunzi maarufu zimeghushiwa kwa karne nyingi, tangu enzi za samurai wenyewe, kwa sababu upanga wenye jina ulikuwa zawadi ya heshima baina ya wakubwa. Kotetsu, mhunzi wa karne ya 17 mjini Edo, ni mfano unaotajwa kila mara. Wakusanyaji husema, nusu utani, kwamba upanga wenye jina lake uhesabiwe wa bandia hadi uthibitishwe.

Kwa upande mwingine, kukosa sahihi si aibu. Panga ndefu za zamani zilizobebwa na wapanda farasi zilifupishwa baadaye ili zifae kupiganwa kwa miguu. Zilikatwa upande wa msuka, na sahihi ikaenda na kipande kilichokatwa. Kazi nyingi zinazotambuliwa kuwa za Masamune hazina jina lolote.

Kwa hiyo mtaalamu hutazama kwanza umbo: urefu, mahali mkunjo unapoanzia, upana karibu na mpini ukilinganishwa na upana wa ncha. Kisha anatazama uso wa chuma, ambao kwa sababu ya kukunjwa mara nyingi huwa na mistari kama ya ubao uliorandwa. Halafu anafika kwenye mpaka mweupe ulio kando ya makali. Mpaka huo hutokea wakati wa kuupoza upanga kwenye maji: mhunzi hupaka udongo mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, ili makali yapoe haraka na kuwa magumu, na mgongo ubaki na unyumbufu. Ukiutazama kwenye mwanga utaona chembe ndogo zinazometameta. Kwenye panga za kuiga mpaka huo huchorwa kwa tindikali au brashi ya waya, na chembe hizo hazipo.

Kila shule ya wahunzi ilikuwa na mtindo wake katika mambo haya matatu. Mtaalamu akishafikia uamuzi kuhusu nani aliufua na lini, ndipo anasoma sahihi ili aone kama inakubaliana naye.

Cheti kipi?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Muuzaji anasema upanga wake "una karatasi", na mnunuzi anatulia. Lakini karatasi za Japani ni za aina mbili, na kazi zake ni tofauti kabisa.

Ya kwanza ni kadi ya usajili, inayoitwa torokusho. Kila upanga unaomilikiwa kihalali ndani ya Japani lazima uwe nayo. Hutolewa kupitia bodi ya elimu ya mkoa na kuandikwa urefu wa upanga, kiasi cha mkunjo, idadi ya matundu kwenye msuka, na maneno ya sahihi kama yanavyosomeka. Haisemi kwamba sahihi hiyo ni ya kweli. Upanga wenye jina la kughushi husajiliwa kwa jina hilohilo la kughushi, na kadi huwa halali kabisa.

Ya pili ni cheti cha uthibitisho. Chombo kinachoaminika zaidi ni jumuiya ya kuhifadhi panga za sanaa za Japani, NBTHK, iliyoanzishwa mwaka 1948 na yenye jumba lake la makumbusho eneo la Ryogoku, Tokyo. Jopo lake huukagua upanga wenyewe, si picha, na likiridhika hutoa cheti cha daraja mojawapo kati ya manne. Hozon ni upanga wa kweli unaostahili kuhifadhiwa. Tokubetsu Hozon ni wa daraja la juu zaidi. Juyo na Tokubetsu Juyo ni za wachache. Jopo likiona sahihi ni ya kughushi, upanga unarudi bila cheti.

Cheti hicho huwa na picha ya msuka. Weka picha hiyo kando ya upanga na ulinganishe matundu, mikwaruzo na mabaka ya kutu, maana kuna wanaochukua cheti cha kweli na kukiambatanisha na upanga mwingine. Chunga pia vyeti vya zamani vya jumuiya hiyohiyo, vilivyotolewa kabla ya utaratibu wa sasa ulioanza mwaka 1982. Baadhi yake vilitiliwa shaka, na mnunuzi makini hutaka upanga ukaguliwe upya.

Kuutoa Japani

Upanga ulionunuliwa Tokyo hauwekwi tu kwenye sanduku na kupelekwa posta. Muuzaji huomba kwanza hati kutoka Wakala wa Masuala ya Utamaduni wa serikali, inayothibitisha kwamba upanga huo haumo kwenye orodha ya mali za utamaduni zilizokatazwa kutoka nje. Hazina za taifa na mali muhimu za utamaduni haziondoki. Kwa panga nyingine hati hutolewa, lakini huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo muuzaji anayeahidi kukutumia kesho aulizwe maswali.

Upanga ukiondoka, kadi ya usajili hurudishwa kwa mamlaka iliyoitoa. Mnunuzi wa ng'ambo hubaki na nakala tu. Ukiuziwa upanga Ulaya au Marekani ukiwa bado na kadi yake halisi, muuzaji anaweza kuusifia kama ushahidi wa ubora. Mara nyingi ni ushahidi kwamba upanga ulitoka Japani bila kufuata utaratibu.

Kwenye fomu za forodha, andika ukweli. Utaratibu wa kimataifa wa kuainisha bidhaa unaweka vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 katika fungu la 9706, na katika nchi kadhaa ushuru wake ni mdogo au haupo. Lakini umri lazima uthibitishwe, na hapo cheti hufanya kazi ya pili. Wanaoandika "zawadi" au kupunguza bei ili kukwepa kodi hujikuta hawana cha kudai mzigo ukipotea, kwa sababu bima hulipa thamani iliyotajwa.

Sheria za nchi unakopelekwa ni suala jingine. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 2008 uuzaji na uingizaji wa panga zilizopinda zenye urefu wa sentimita 50 au zaidi, baada ya panga za bei rahisi kutumika katika uhalifu. Zile zilizotengenezwa kwa mkono kwa njia za jadi, na zilizotengenezwa kabla ya 1954, zina msamaha, lakini jukumu la kuthibitisha hilo ni la mwenye upanga. Popote ulipo, iwe Nairobi au Muscat, uliza polisi na forodha kabla ya kulipa, na upate jibu kwa maandishi.

Chunguza pia mapambo. Katika karne ya 19 mafundi wa Japani walitengeneza panga zenye ala na mpini wa pembe za ndovu kwa ajili ya wanunuzi wa Magharibi. Tangu tembo wa Afrika awekwe mwaka 1989 kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi ya mkataba wa CITES, pembe haivuki mpaka bila vibali maalumu. Upanga wa namna hiyo huweza kukamatwa hata kama chuma chake hakina kasoro yoyote.

Kuurudisha kwa ukaguzi

Wenye panga za babu zao nje ya Japani hutamani kuzipeleka kwa jopo la Tokyo. Inawezekana, lakini kuna hatari ambayo wengi hawaambiwi. Upanga ukiingia Japani lazima uripotiwe kwa polisi kisha usajiliwe, na usajili hupewa tu panga zilizofuliwa kwa njia ya jadi. Ukionekana ni wa kiwandani, wa wakati wa vita, haupati kadi, na huenda usirudi kwako. Kwa sababu hiyo wakala waaminifu hudai kwanza picha za msuka, pande zote mbili, na hukataa mizigo wanayoitilia shaka.

Wakati unangoja, upanga utunzwe tu. Usiguse chuma kwa vidole, maana jasho huacha alama ya kutu ndani ya siku chache. Futa kwa kitambaa laini kisafi, kisha pakaa mafuta membamba. Wajapani huyaita mafuta hayo choji, jina linalowahusu watu wa Unguja na Pemba: ni karafuu.