Kumsaidia Mwenye Virusi vya Ukimwi Adumu na Matibabu Yake

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:



Katika hotuba ya leo tunakusudia kueleza jambo linalozihusu nyumba nyingi, ijapokuwa wachache hulitaja kwa sauti. Nalo ni namna ya kumsaidia mwenye kuishi na virusi vya Ukimwi aendelee na matibabu yake bila ya kuyakatiza. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania katika mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa watu wazima wapatao milioni 1.5 wanaishi na virusi hivi. Basi asidhani mtu kwamba tunazungumza habari za wengine. Tunazungumza habari za ndugu zetu na jirani zetu, na wengine tunasimama nao safu moja katika sala.

Inafaa kwanza tufahamu kazi ya dawa zenyewe. Virusi vya Ukimwi huingia katika chembe za damu zinazoulinda mwili, vikazaliana humo na kuziangamiza. Dawa za kufubaza virusi huvizuia visizaliane, ila haziving'oi vyote; vingine hubaki vimejificha. Dawa zikiachwa, vilivyojificha huamka na kuzaliana upya, mara nyingi katika muda wa wiki chache tu. Na dawa zikitumiwa leo zikaachwa kesho, virusi huweza kuzizoea zisiwadhuru tena. Huo ndio usugu wa dawa.

Ama mwenye kuzitumia kila siku, kheri yake ni kubwa. Siku hizi wagonjwa wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku. Virusi vikishuka hata kipimo cha damu kisivione, na vikabaki hivyo, mtu huyo hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Hayo yalithibitishwa na tafiti kubwa zilizotangazwa baina ya mwaka 2011 na 2019, zilizowafuatilia watu wanaoishi wawili wawili, mmoja ana virusi na mwingine hana. Na mama mjamzito anayedumu na dawa, mpaka amwachishe mtoto ziwa, hatari ya kumwambukiza mwanawe huweza kushuka chini ya asilimia 5. Kwa hiyo kidonge kile kimoja ni kinga ya mgonjwa, na ya mkewe au mumewe, na ya mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Ikiwa faida ndiyo hii, mbona wapo wanaoacha? Katika vituo vya tiba, aliyekoma kuhudhuria huitwa mtoro. Sisi twaona jina hili halimfai. Mtoro ni mtoto aliyekimbia chuo akaenda kucheza. Huyu mara nyingi hakukimbia, bali amezuiwa. Mmoja amekosa nauli. Mwingine ni kibarua, na siku atakayokaa katika foleni ya kliniki ndiyo siku ambayo watoto wake hawatakula. Mvuvi amekwenda dago, na kliniki yake imebaki mji mwingine. Mke anaficha vidonge ndani ya pipa la mchele kwa kuchelea talaka. Akija mgeni jikoni, siku hiyo hamezi. Na wako wanaojiona wana nguvu na afya njema wakasema, "Nimekwishapona," hali ya kuwa afya ile imeletwa na dawa ile ile wanayoiacha.

Kisha wako walioambiwa na watu kwamba wamepona. Katika mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, huko Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na miongoni mwao wako walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini kuwa hawazihitaji tena. Nasi tusiwacheke, kwani kwetu pia wako wanaonywa kombe wakaviweka vidonge kando. Mwenye kuomba dua na aombe. Dua haigombani na kidonge. Lakini yeyote anayemwambia mgonjwa aache dawa za daktari, huyo anamwongoza kwenye hatari, hata akiwa amevaa kilemba.

Ndugu zangu, ikiwa kizuizi kiko nyumbani na mtaani, basi kukiondoa ni kazi ya watu wa nyumba na mtaa.

La kwanza ni sitara. Aliyekwambia hali yake amekupa amana. Kuitangaza barazani au ukumbini ni kumfungia mtu mlango wa hospitali, maana atachelea kuonekana huko. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 nayo inakataza kutoa siri hiyo na kumbagua mgonjwa.

La pili ni msaada wa mkono. Mpe nauli, au mshikie duka lake asubuhi moja, au mkalie na watoto. Tena mkumbushe aulize kliniki: ambaye virusi vyake vimetulia huweza kupewa dawa za miezi 3 au 6 kwa mara moja, na anayesafiri huweza kuandikiwa uhamisho apate dawa aendako.

La tatu ni ukumbusho wa upole. Wengi husaidika kwa kukifunga kidonge na jambo wasilolisahau, kama vile sala ya Isha. Akisahau, na ameze mara akumbukapo, wala asimeze viwili kwa pamoja. Ukikaribia mwezi wa Ramadhani, amwone daktari mapema. Kidonge cha mara moja kwa siku kwa kawaida huweza kumezwa usiku. Na aliyezidiwa na maradhi, dini imekwisha mpa ruhusa ya kufungua.

La nne linawahusu ninyi wanafunzi. Wapo wenzenu waliozaliwa na virusi, ambao hawana lolote walilolitenda. Ukimwona mwenzako bwenini akimeza kidonge kwa siri, usiulize mbele za watu, wala usipekue sanduku lake. Neno moja la mzaha laweza kumfanya azitupe dawa zile chooni.

La tano, na pengine ndilo kubwa, ni kumpokea aliyeacha. Anayerudi kliniki baada ya miezi mingi huja na aibu, na aibu ile ndiyo iliyomchelewesha. Msimkaripie, wala msimhesabie siku alizopoteza. Fuataneni naye mpaka mlangoni. Wauguzi watampima na kumwanzishia tena. Mlango wa tiba haufungwi kwa aliyechelewa, kama vile mlango wa toba haufungwi kwa aliye hai.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira ya kudumu na dawa zao, na atujaalie sisi tuwe watu wa kuwasitiri na kuwashika mkono. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.