Tumaini Lisilopanda na Kushuka kwa Bei

Karibuni tena tuketi pamoja kwa dakika hizi chache, ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio kazini, na wewe uliyelala kitandani hospitalini ukiwa na redio yako karibu nawe. Leo tunauliza swali moja tu: Mtu aweke wapi tumaini lake, katika ulimwengu unaompima kila mmoja kwa vitu alivyo navyo?

Tuanze na jambo ambalo wazee wetu wa Murang'a, Nyeri, Meru, Machakos na Kisii wanalikumbuka vizuri. Mwezi wa Julai mwaka 1975, sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi kali, iliunguza mashamba ya kahawa katika jimbo la Paraná, nchini Brazil. Kahawa ikapungua duniani, bei ikapanda, na kufikia mwaka 1977 mkulima wa Kenya alikuwa akipokea fedha ambazo hakupata kuziona maishani mwake. Nyumba za mabati zikajengwa. Watoto wakalipiwa karo. Hayo yalikuwa mema, wala hatuyalaumu.

Lakini bei haikukaa huko juu. Mwezi wa Julai mwaka 1989 yalivunjika mapatano ya mataifa yaliyoweka kiasi cha kahawa ambacho kila nchi ingeuza, na bei ikaanguka. Katika miaka iliyofuata wakulima wengine waliacha mikahawa yao imezwe na magugu, na wengine wakaing'oa. Udongo ulikuwa ule ule, na mikono iliyolima ilikuwa ile ile. Aliyeitumia mali kama jembe alihuzunika, kisha akapanda kitu kingine. Aliyeifanya kuwa nguzo ya moyo wake alianguka pamoja na bei.

Siku hizi bei na fedha hutufuata hata mfukoni. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu imekuwa msaada mkubwa: mama aliye kijijini hupokea fedha za dawa kutoka kwa mwanawe aliye mjini bila kusafiri. Lakini simu hiyo hiyo humletea kijana mkopo kabla chai yake haijapoa. Humletea michezo ya kubahatisha, na picha za wenzake waliovaa vizuri kuliko yeye. Siku ya kulipa ikifika naye hana kitu, huona haya. Hapokei simu ya mamaye, na kanisani haonekani tena.

Ndugu zetu, Bwana Yesu aliujua ugonjwa huu. Katika sura ya 12 ya Injili ya Luka, mtu mmoja katika umati alimwomba Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi. Shauri la namna hiyo twalijua sana. Ni wangapi waliomzika baba yao pamoja, na kabla udongo wa kaburi haujakauka wakashtakiana kwa sababu ya ekari mbili? Yesu alikataa kuwa mgawanyaji wao. Badala yake aliwaonya watu juu ya tamaa, kisha akawapa mfano wa tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana.

Tuuangalie mfano huo kwa makini. Hatuambiwi kwamba tajiri huyo aliiba, wala kwamba alimdhulumu mtu. Alipata mavuno, akaona maghala yake ni madogo, akapanga kujenga makubwa zaidi. Je, kosa lake ni nini? Sikilizeni anazungumza na nani. Anazungumza na nafsi yake peke yake! Hamtaji Mungu aliyeleta mvua. Hawataji vibarua waliovuna. Hamtaji jirani hata mmoja. Na usiku ule ule uhai wake ulitakiwa, naye hakuwa na rafiki mbinguni wala duniani wa kumwita. Hapo ndipo tunapouona ugonjwa wenyewe. Mali ikikaa mahali pa Mungu, kwanza humtenga mtu na Mungu, kisha humtenga na ndugu yake, na mwisho humwacha peke yake kati ya magunia.

Dawa ni nini, basi? Tunaiona katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16. Wana wa Israeli walipokuwa jangwani Mungu aliwapa mana, chakula kidogo kilichofanana na sakitu juu ya nchi. Katika chakula hicho aliwafundisha mambo matatu, nayo yanatufaa hata leo.

Kwanza, kila mtu aliokota ya siku yake. Aliyeweka hadi asubuhi alikuta mabuu na harufu mbaya. Mungu hakuwakataza kazi, maana kila asubuhi waliinama kuokota. Wala hatukatazwi kuweka akiba, kwa maana mtu mwenye hekima huifikiria karo ya mwaka ujao. Tunafundishwa kwamba kesho imo mikononi mwa Mungu, haimo ghalani. Ndiyo maana Bwana alitufundisha kuomba riziki ya siku kwa siku.

Pili, walipopima kwa pishi, aliyeokota nyingi hakuzidiwa, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Anzeni nyumbani. Kama una ndugu ambaye hamsemezani kwa ajili ya shamba, mwendee juma hili. Nenda kwanza kumjulia hali, mambo ya mipaka yatafuata. Na tunapofanya harambee kanisani, yule aliyeleta shilingi hamsini aketi bila aibu karibu na yule aliyeleta elfu hamsini.

Tatu, siku ya saba hapakuwa na mana, nao walipumzika wala hawakufa njaa. Wekeni siku yenu kwa Bwana. Siku hiyo duka lifungwe na simu iwekwe kando, jamaa wale pamoja, na mgonjwa wa jirani atembelewe. Mtu anayeweza kuacha kutafuta kwa siku moja ameonyesha kwamba vitu si bwana wake.

Na wewe kijana uliyejificha kwa sababu ya deni, neno hili ni lako. Deni lako lina hesabu, lakini thamani yako mbele za Mungu haihesabiwi kwa shilingi. Mwambie mzazi wako ukweli, au mzee mmoja wa kanisa unayemwamini. Huenda deni lisiishe leo, lakini upweke unaweza kwisha leo. Tumaini huanzia hapo, mtu anapojua kwamba hayuko peke yake.

Tuombe. Ee Baba, wewe uliyewalisha watu wako jangwani, tupe ya kututosha leo. Utufungue mikono iliyoshika mno, uwapatanishe ndugu waliotengana, na umrudishe nyumbani kila anayeona haya. Tunaomba haya kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapendwa, na Mungu awabariki.