Pumzi Ikibana Usiku

Watu wenye pumu wamo katika jamaa zetu, nao vumbi la kiangazi na moshi wa meko huwasumbua sana. Basi yafaa kila nyumba ijue la kufanya ugonjwa huo ushikapo kwa ghafula.

Pumu hukaza mirija ya pumzi, ikavimba ndani na kuzibwa na makohozi. Hospitalini mganga hutumia chombo kiitwacho nebulaiza. Hugeuza dawa ya maji, iitwayo salbutamoli, iwe ukungu mwembamba, naye mgonjwa huuvuta kwa barakoa muda wa dakika 10 hivi. Mirija hulegea, pumzi ikapita.

Lakini chombo hiki hutaka umeme au mtungi wa oksijeni, na vijiji vingi vya Simiyu viko mbali na hospitali ya mkoa iliyoko Bariadi. Je, aliye mbali afanyeje? Dawa iyo hiyo hupatikana katika kikopo cha kupuliza, yaani inhela. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walitangaza kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako, inhela ikatiwa humo na kuzibwa pembeni kwa gundi, iliwafaa watoto wenye pumu sawa na chombo cha kiwandani. Kikombe hakikufaa hivyo.

Basi aliyekwisha kupewa inhela na mganga asaidiwe hivi:

1. Aketi wima, wala asilazwe.
2. Apuliziwe mara moja chupani, avute pumzi polepole mara 5 kwa mdomo wa chupa. Kisha arudie kwa kadiri aliyoagizwa.
3. Akishindwa kusema maneno machache, mbavu zikiingia ndani, au midomo ikigeuka rangi, apelekwe hospitali hima, huku akiendelea kupuliziwa njiani. Asingoje kuche.

Tena, si kila kubanwa ni pumu. Mtoto mwenye homa na pumzi za haraka huenda ana nimonia, nayo yataka dawa nyingine. Apelekwe kwa mganga.

Nanyi walimu, inhela ya mwanafunzi isifungiwe kabatini. Ikae karibu naye. Hata akitulia, mganga amwone, maana nafuu ya saa moja si kupona.