Redio ya Kuamsha Nyumba Usiku wa Dhoruba



Wengi miongoni mwenu mlio Marekani mlitoka Kongo, Burundi na kambi za Tanzania, mkapewa makao katika miji ambayo hamkuwa mmesikia hata majina yake. Mmoja wa miji hiyo ni Bowling Green, katika jimbo la Kentucky. Mwezi huu twapenda kueleza chombo kimoja kiipasacho kila nyumba ya huko, nacho ni redio ya kupokea maonyo ya hali ya hewa.

Tarehe 11 Desemba 2021, usiku baada ya saa saba, watu wakiwa wamelala, mji ule ulipigwa na kimbunga kiitwacho tornado. Huo ni upepo uzungukao kama pia, ushukao kutoka katika wingu mpaka chini, wenye nguvu za kung'oa mapaa na kubomoa kuta. Watu zaidi ya 15 walikufa, nao walikuwamo wa jamaa zilizotoka nchi za mbali kutafuta amani.

Sisi tuliokulia katika mvua za masika twaijua dhoruba. Hulitazama wingu, tukasikia ngurumo, tukaanua nguo na kuingia ndani. Lakini kimbunga hiki hakingoji mchana, na aliyelala haoni wingu. Wataalamu wamepima wakaona ya kuwa kimbunga cha usiku huelekea kuua zaidi ya mara mbili kuliko cha mchana. Ving'ora vya mji viliwekwa kwa ajili ya watu walio nje. Aliye ndani, madirisha yamefungwa, huenda asivisikie. Simu ya mkononi nayo huleta onyo, lakini ni mara ngapi twalala hali imenyamazishwa, au imekwisha chaji?

Redio tunayoisema si ile ya nyimbo na habari. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani hutangaza mchana na usiku katika masafa saba ya peke yake, tangu megahezi 162.400 hata 162.550, na redio ya kawaida haiyapokei. Chombo hiki hukaa kimya mezani siku zote. Onyo likitolewa, hulia kwa ukali, kisha husema. Ununuapo, chagua chenye alama ya herufi SAME, maana hicho huweza kufundishwa kaunti yako. Tena kiwe na mahali pa kutia betri.

Kukitengeneza si kazi ngumu. Kwanza, kiweke karibu na dirisha, mbali na vyombo vya chuma, uivute antena yake hata mwisho. Pili, kichomeke katika umeme, utie na betri, kwani dhoruba hukata umeme kabla ya kufika. Tatu, jaribu masafa yote saba, moja baada ya jingine, ushike lile lisikikalo safi kuliko yote. Nne, andika namba ya kaunti yako, yenye tarakimu sita. Kwa kaunti ya Warren, uliomo mji wa Bowling Green, namba ni 021227: sifuri maana yake kaunti nzima, 21 ni jimbo la Kentucky, na 227 ni Warren. Kila kaunti ina yake, nayo hupatikana kwa Idara. Tano, chagua mlio wa king'ora, usichague taa peke yake, isipokuwa kwa asiyesikia. Naye kuna kifaa cha kutia chini ya mto, kimtikisacho.

Hiyo ya nne twaisisitiza, maana sisi wenyewe tulikosa. Tulipoleta redio nyumbani tuliona uvivu kuandika namba. Ikawa yatuamsha kwa mvua za kaunti za mbali, usiku baada ya usiku, hata mmoja wetu akaondoka kitandani akaizima. Ikakaa imezimwa majuma mengi, nasi tukilala na kujiona salama. Redio iliaye kwa mambo ya wengine huzimwa, na redio iliyozimwa ni sanduku tu.

Sasa twafikia jambo lililo kubwa kuliko yote. Redio hii husema Kiingereza, na mahali pengine Kihispania, Kiswahili haisemi. Basi bibi aliyebaki nyumbani na wajukuu, watu wazima wakiwa kazini, atasikia kelele asijue maana. Kwa hiyo mfundisheni maneno mawili mapema. Neno 'watch' maana yake ni kujihadhari: hali ya hewa yaweza kuzaa kimbunga, basi viatu na tochi viwe karibu. Neno 'warning' maana yake kimbunga kimeonekana kwa macho au kwa mitambo. Hapo hakuna kuuliza wala kuchungulia dirishani. Shukeni chumba cha chini ya ardhi. Kama hakuna, ingieni chumba cha katikati kisicho na dirisha, katika orofa ya chini kabisa, kama vile bafuni, mkajifunike vichwa kwa mito au godoro. Akaaye katika nyumba ya magurudumu na aiache mapema, aende kwenye jengo imara.

Idara hujaribu mlio huu kila juma, kwa kawaida Jumatano mchana, hewa ikiwa shwari. Siku hiyo bibi na asikie, watoto na waonyeshe njia ya bafuni, na mkubwa mmoja apewe kazi ya kumbeba mdogo. Betri nazo zibadilishwe mara mbili kwa mwaka, saa za nchi zinapogeuzwa.

Wazee walisema, tahadhari kabla ya hatari. Ndugu zetu mliokwisha kukimbia vita na kulala njiani, msikubali kushtukizwa na upepo ndani ya nyumba zenu. Jioni ya leo andikeni ile namba ya tarakimu sita. Na kabla hamjalala, mwulizeni bibi maneno yale mawili. Akiyajibu, nyumba yenu ina mlinzi.