Dirisha Kuukuu: Lini Litengenezwe, Lini Ling'olewe

Askari aendapo likizo, aghalabu kitu cha kwanza anachoonyeshwa nyumbani si shamba wala mifugo, bali ni mahali palipoharibika wakati alipokuwa kazini. Likizo iliyopita sisi tulionyeshwa kioo. Kilikuwa kioo cha chini, pembe ya kushoto, katika chumba wanamolala watoto, nacho kilikuwa kimepasuka kwa mara ya tatu. Mara mbili za mwanzo watoto walikuwa wamechapwa kwa sababu ya mpira, na mpira wenyewe ukafungiwa kabatini. Mara ya tatu kioo kilipasuka usiku, watoto wamelala na mpira ungali kabatini.

Tulimwita fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu. Hakukitazama kioo hata kidogo. Alipiga magoti, akakwangua rangi ya fremu kwa ncha ya bisibisi, na kutu ikabanduka tabaka juu ya tabaka mfano wa chapati. Akasema, "Afande, kioo hakina kosa na watoto hawana kosa. Kinachovunja kioo ni chuma."

Nyumba hiyo tuliirithi kwa marehemu baba, na madirisha yake ni ya chuma chembamba, yenye bawaba na vioo vilivyoshikwa kwa puti. Wasomaji wetu wengi wanayafahamu, kwani wamekulia ama wamelala katika nyumba za namna hiyo. Kule Uingereza kampuni ya Crittall ya mji wa Braintree ilianza kuyatengeneza mwaka 1884, na katika miaka ya ukoloni yalitiwa katika majengo mengi ya serikali ya Uganda, Kenya na Tanganyika. Ni madirisha imara sana, lakini adui yake ni mmoja. Chuma kigeukapo kutu huvimba, na kutu huhitaji nafasi mara kadhaa kuliko ile ya chuma kilichooza. Basi fremu iliyoko kati ya kioo na ukuta husukuma pande zote mbili: upande mmoja kioo hupasuka pasipo kuguswa, na upande wa pili plasta hufanya ufa unaoanzia kwenye pembe ya dirisha. Mwenye nyumba akibadilisha kioo peke yake atabadilisha tena baada ya misimu michache ya mvua, na kila mara atamtafuta mtoto wa kumlaumu.

Kwa hiyo jambo la kuangalia ni fremu, na ya fremu ni pembe za chini, maana huko ndiko maji yanakokaa. Yafaa kukwangua rangi mpaka chuma kionekane. Ikiwa kutu ni ya juu juu na chuma kilichobaki ni kigumu, dirisha hilo halina haja ya kung'olewa: lipigwe brashi ya waya, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha puti mpya na rangi ya mwisho. Lakini ikiwa bisibisi inatoboa, au kutu imeingia nyuma ya plasta ambako brashi haifiki, hapo kutengeneza ni kupoteza fedha. Dirisha la mbao hupimwa vivyo hivyo. Ncha ya kisu ikizama bila nguvu, ni ubovu au mchwa. Ikiwa ni mchwa, hapana budi kuwatafuta ukutani na sakafuni kabla ya kuleta mbao mpya, la sivyo tutakuwa tumewaandalia karamu ya pili.

Kipimo kingine hakihitaji kifaa ila kamba. Pima kutoka pembe ya juu kulia hadi pembe ya chini kushoto, kisha kinyume chake. Fremu iliyo sawa huwa na vipimo viwili vilivyolingana. Vikiachana kwa kidole kizima, na dirisha limekuwa zito kufunga, huenda si dirisha lililoharibika bali ni ukuta uliozama au linta iliyoshuka. Dirisha jipya katika ukuta unaotembea litapinda kama la zamani. Huyo ni mgonjwa mwingine, na ahitaji fundi wa uashi kwanza.

Twaomba hapa tutoe onyo dogo. Rangi za zamani aghalabu zilichanganywa na madini ya risasi, hayo hayo tunayoyajua sisi kwa kazi nyingine. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Msasa utumike ukiwa umeloweshwa maji, watoto wawe mbali, na maganda ya rangi yakusanywe yote, wala yasiachwe uani wanakochezea.

Sasa tuseme juu ya jambo linalowagharimu wenzetu wengi. Askari akipata mkopo au malimbikizo yake, hushawishika kung'oa madirisha yote, mabovu na mazima, ili aweke ya alumini yanayosukumwa kando, kwa kuwa jirani ameweka. Hatusemi kwamba ni mabaya. Hayashiki kutu kama chuma, na hayahitaji kupakwa rangi. Ila wengi hawaambiwi dukani kwamba dirisha la vipande viwili vinavyopishana hufunguka nusu tu, ilhali lile la bawaba hufunguka lote. Anayeondoa la bawaba na kuweka hilo katika tundu lile lile ameipunguzia familia yake nusu ya hewa, na amelipa fedha kwa kufanya hivyo.

Hewa si anasa. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Lima, nchini Peru, ambako waganga walipima jinsi hewa inavyobadilika vyumbani. Ilionekana kuwa majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalipitisha hewa vizuri kuliko majengo mapya, na kwamba kufungua madirisha na milango hupunguza hatari ya kuambukizwa kifua kikuu. Sisi tunaolala wengi katika chumba kimoja, kambini na hata nyumbani, tuna sababu ya kulitia maanani jambo hilo. Dirisha kuukuu linalofunguka lina faida kuliko jipya lisilofunguka, na dirisha lililogongomelewa misumari lisifunguke, hata likiwa na kioo kizuri namna gani, limekwisha kuacha kuwa dirisha.

Kuhusu mbu, wengi hufunga madirisha jioni wakidhani wamejikinga. Ulinzi bora ni wavu, nao huwekwa hata kwenye fremu ya zamani. Uchunguzi wa Gambia uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizotiwa wavu ziliingiwa na mbu karibu nusu tu ya walioingia katika nyumba zisizo nao, na watoto wenye upungufu wa damu wakawa wachache. Lakini angalia pia uwazi ulioko kati ya ukuta na paa, maana mbu wa malaria hupenda mlango huo. Wavu juu ya dirisha na tundu wazi chini ya bati ni sawa na kuweka mlinzi langoni na kuacha ua bila seng'enge. Na wavu uoshwe, kwani vumbi likiuziba huzuia hewa.

Lipo dirisha moja ambalo hatungesubiri fedha wala msimu. Ni lile la chumba cha kulala lenye nondo zilizochomelewa pande zote, pasipo sehemu ya kufungulia kwa ndani. Moto ukitokea mlangoni, wenye nyumba hawana pa kutokea. Askari hafundishwi kuingia mahali kabla ya kujua njia ya kutokea, lakini wangapi kati yetu wamewalaza watoto wao katika chumba cha namna hiyo? Fundi wa kuchomelea aweza kukata sehemu ya nondo na kuitia bawaba na komeo la ndani. Ufunguo, kama upo, ukae pale pale chumbani.

Madirisha ya nyumba za kambini si mali yetu. Ubovu wake upelekwe kwa ofisa wa majengo kwa maandishi, pembe ikitajwa na ufa ukitajwa. Ofisa hawezi kutofautisha kioo kilichovunjwa na kile kilichosukumwa na kutu asipoelezwa.

Kwa nyumba ya mtu mwenyewe, kazi ianze wakati wa ukavu. Upande wa ziwani na Kampala, Juni na Julai yafaa, au Desemba hadi Februari. Fundi apime tundu mahali patatu, juu, kati na chini, naye afuate kipimo kidogo kuliko vyote. Aanze na upande unaopigwa na mvua. Puti ya mafuta ya kitani iachwe wiki moja au mbili ishike kabla ya kupakwa rangi. Fundi anayepaka siku ile ile anaharakia malipo.

Nyumba yetu ina madirisha 9. Tulikuwa tumekusudia kuyang'oa yote, na bei tulikuwa tumekwisha kuuliza. Mwishowe tuling'oa 2, la watoto na la jikoni, tukaweka mapya ya bawaba, yenye wavu. Manne yalikwanguliwa na kupakwa rangi. Matatu yaliyobaki yalihitaji grisi ya bawaba na maji ya sabuni tu.

Kabla ya kurudi kikosini tuliwaita wale wavulana wawili, tukawaonyesha kipande cha fremu iliyooza, tukawaomba radhi kwa zile fimbo. Mdogo aliuliza kama sasa mpira wake utatoka kabatini. Ulitoka jioni ile ile.