Je, Wajua? Virusi Vinavyowinda Bakteria Tumboni Mwako

Je, wajua kwamba…

…utumboni mwako mna mabilioni ya virusi visivyo na haja nawe? Ni bakteriofaji, au faji kwa kifupi. Huwinda bakteria tu. Ndani ya seli ya binadamu haziwezi kuzaliana.

…faji moja huzaa mia kabla chai haijapoa? Ile iitwayo T4 hutua juu ya bakteria kwa miguu myembamba, hukaza mkia na kumdunga jeni zake. Maabarani, baada ya nusu saa hivi, bakteria hupasuka na kumwaga faji changa mia moja au zaidi.

…faji huchagua sana? Antibiotiki nyingi huua bakteria wema na wabaya kwa pamoja. Faji aghalabu hushambulia spishi moja tu, tena pengine baadhi tu ya aina za spishi hiyo.

…dawa ya faji iliwahi kunywewa na watafiti kabla ya mgonjwa? Mwaka 1919, katika hospitali ya watoto ya Enfants-Malades, Paris, Félix d'Hérelle na wenzake waliinywa kwanza wao wenyewe. Walipoona haijawadhuru, wakampa mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akihara damu vibaya. Akapona.

…faji mojawapo iliyoenea mno duniani iligunduliwa kwa kompyuta? Ni crAssphage. Mwaka 2014 watafiti waliunganisha vipande vya DNA vilivyotoka kwenye vinyesi vya watu, ikajitokeza. Ya kwanza ya jamii yake kuoteshwa maabarani ilipatikana Cork, Ireland, mwaka 2018.

…ute wa utumbo una walinzi? Watafiti wa San Diego, Marekani, walionyesha mwaka 2013 kwamba faji hunasa kwenye ute kwa protini zenye umbo linalofanana na sehemu za kingamwili. Bakteria anayetaka kupenya hukutana nazo kabla hajaifikia seli.

…faji hupenya hata ukuta wa utumbo? Seli za utumbo huzimeza upande mmoja na kuzitoa upande wa pili. Makadirio ya mwaka 2017, yaliyotokana na majaribio ya maabara, ni faji bilioni 31 kwa siku kuingia mwilini.

…zikishapenya, kinga ya mwili haizifumbii macho? Seli za kinga zina kipokezi kiitwacho TLR9, kinachonusa DNA ya faji na kuamsha ishara ya kinga iitwayo interferoni gama. Katika jaribio la mwaka 2019, panya wenye uvimbe wa utumbo mpana walizidiwa walipopewa faji nyingi. Na tangu mwaka 2015 ilishaonekana kwamba wagonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo wana faji za aina nyingi kuliko watu wenye afya.

…choo cha kwanza cha mtoto mchanga hakina virusi, au vimo vichache mno? Kufikia mwezi mmoja faji zimeshajaa, zikitoka ndani ya bakteria wake wa kwanza. Utafiti wa mwaka 2020 uliohusisha watoto wa Marekani na Botswana ulionyesha kwamba wanaonyonya wana virusi vichache vya kushambulia seli za binadamu.

…kinyesi kilichochujwa hadi bakteria wakaisha kiliwahi kuponya? Mjini Kiel, Ujerumani, wagonjwa watano wa kuhara kunakosababishwa na Clostridioides difficile walipewa mchujo huo, wakapata nafuu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na faji ni miongoni mwa vilivyopita kwenye chujio.

…sumu ya kipindupindu ni mali ya faji? Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos waligundua kwamba jeni za sumu hiyo huletwa na faji CTX, inayojificha ndani ya bakteria wa kipindupindu na kumpa silaha. Lakini zipo faji nyingine zinazomuua bakteria huyohuyo: huko Dhaka, Bangladesh, zilipoongezeka majini, wagonjwa walipungua.

Kwa hiyo ukiulizwa kama faji ni rafiki au adui, usijibu haraka. Uliza kwanza: faji gani, na imo ndani ya bakteria gani?