Je, Waganga Wana Ruhusa ya Kumaliza Mgonjwa?



Somo letu la leo si jepesi. Watu wengi wameniuliza neno hili, wengine kwa sauti, wengine kwa kunong'ona mlangoni pa nyumba ya wagonjwa: «Mganga, ni kweli kwamba kule Ulaya dokta anampa mgonjwa shindano ili afe? Na ninyi hapa, hamfanyi hivyo?» Neno hili halifai kujibiwa kwa hasira, wala halifai kufichwa. Tulijibu polepole, jambo moja moja.

SABABU YA KUANDIKA

Mzee mmoja aliletwa kwetu na wanawe juu ya tipoyi. Alikuwa na kansa ya taya, na kidonda chake kilikuwa kimeoza. Dokta akaandika apewe mofini, dawa yenye nguvu ya kutuliza maumivu. Lakini mwanawe wa kwanza alikuwa amesikia redioni habari za Ubelgiji. Akawaambia ndugu zake, «Hii ndiyo ile dawa ya kumaliza watu.» Usiku ule wakambeba baba yao, wakarudi naye kijijini. Siku tisa majirani walisikia kilio chake. Siku ya kumi wakamrudisha.

Mateso ya siku zile tisa hayakuletwa na kansa peke yake. Yaliletwa pia na habari iliyosikiwa nusu. Basi tuisikie yote.

1. NI NINI KINACHOFANYIKA UBELGIJI?

Ni kweli, jambo hili liko. Tarehe 28 Mei 2002 Ubelgiji ilitia sahihi sheria inayomruhusu dokta kukatisha uhai wa mgonjwa aliyeomba mwenyewe. Sheria ilianza kufanya kazi mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Jirani yao, Uholanzi, alikuwa ametangulia kwa miezi michache.

Lakini angalia: sheria haikusema kila dokta afanye apendavyo. Iliweka masharti. Mgonjwa awe na akili timamu. Aombe mwenyewe, kwa hiari, si mara moja tu, tena kwa maandiko. Ugonjwa wake uwe hauponyeki, na mateso yake, ya mwili au ya moyo, yawe hayavumiliki wala hayatulizwi. Dokta azungumze naye mara nyingi, amweleze pia njia nyingine za kumtunza. Dokta wa pili, asiyefungwa na wa kwanza, amtazame mgonjwa. Na kama kifo hakiko karibu, aitwe dokta wa tatu, tena upite mwezi mmoja tangu ombi lilipoandikwa. Hakuna dokta anayelazimishwa kufanya tendo hili.

Mwaka 2014 sheria ilifunguliwa hata kwa watoto wenye ufahamu, kwa masharti magumu zaidi, pamoja na ruhusa ya wazazi.

Hesabu nayo imepanda. Mwaka 2003 walioandikwa kufa kwa njia hii walikuwa 235. Mwaka 2023 walikuwa 3,423.

2. SERIKALI INAANGALIA NAMNA GANI?

Hapa ndipo penye fundisho kubwa, nawe usome kwa uangalifu. Serikali ya Ubelgiji ilijua kwamba kumpa mtu ruhusa ya namna hii ni hatari. Kwa hiyo iliweka baraza la waangalizi 16: madokta 8, watu wa sheria 4, na watu 4 wanaohusika na wagonjwa wasioponyeka.

Dokta akiisha kufanya tendo, lazima aandike karatasi yote na kuipeleka kwa baraza, zisipite siku 4 za kazi. Baraza linasoma: Je, mgonjwa aliomba kweli? Je, dokta wa pili aliitwa? Likiona masharti hayakufuatwa, nao waangalizi wakikubaliana theluthi mbili, linapeleka habari kwa mshitaki wa Serikali, ndiko kusema parke. Tena kila miaka miwili baraza linatoa hesabu mbele ya Bunge.

Basi Serikali ya kule haikulala. Lakini umeona jambo moja? Baraza linasoma karatasi wakati mgonjwa amekwisha kuzikwa. Na aliyeandika karatasi ni yule yule aliyefanya tendo.

3. MWANGALIZI NAYE ANAHITAJI KUANGALIWA

Tangu mwaka 2002 mpaka 2015 baraza halikupeleka hata habari moja parke. Ya kwanza ilikwenda mwaka 2015. Wengine walisema, «Hii yaonyesha kwamba madokta wanafuata sheria.» Wengine wakasema, «Hii yaonyesha kwamba jicho la baraza halioni.»

Kisha ikaja kesi moja. Mama mmoja alikuwa amesumbuliwa na huzuni nzito ya moyo miaka mingi. Mwaka 2012 aliuawa kwa ombi lake. Mtoto wake wa kiume aliarifiwa kesho yake, mambo yamekwisha. Na yule dokta aliyefanya tendo alikuwa mmoja wa wakubwa wa baraza lenyewe la kuangalia! Mtoto yule hakunyamaza. Alifika mpaka mahakama ya haki za watu ya Ulaya, katika mji wa Strasbourg. Tarehe 4 Oktoba 2022 mahakama ilitoa hukumu. Haikusema kwamba sheria yenyewe ni kosa. Ilisema kwamba kuangalia baada ya tendo hakukuwa huru, kwa sababu dokta hawezi kukaa katika baraza linalotazama tendo lake mwenyewe. Tena kwamba parke ilikawia mno kufanya uchunguzi. Mwaka 2024 watunga sheria wa Ubelgiji waliirekebisha sheria yao.

Ndugu yangu, hata asiyemjua Mungu anaweza kuelewa neno hili: mwizi hapewi kuhesabu mbuzi, na hata mtu mwema hafai kujihukumu mwenyewe.

4. DAUDI NA MWAMALEKI

Fungua Biblia yako katika 1 Samweli sura ya 31, kisha 2 Samweli sura ya 1. Mfalme Sauli amejeruhiwa vitani, anaogopa kuanguka katika mikono ya adui. Anamwomba mchukua silaha wake amwue. Kijana yule anakataa kwa kuwa anaogopa sana, naye Sauli anauangukia upanga wake mwenyewe. Lakini baadaye Mwamaleki mmoja anakimbia kwa Daudi na taji mkononi. Anasema, mimi ndimi niliyemwua, kwa sababu aliniomba, naye asingepona.

Tazama maneno yake: aliniomba, asingepona. Ndiyo masharti yale yale tuliyosoma hapo juu! Nani awezaye kumshuhudia? Sauli amekwisha kufa. Mwenye kusimulia ni mmoja tu, na masimulizi yake hayapatani na sura iliyotangulia. Daudi hakuipokea taji kwa furaha. Aliuliza habari, akalia, akamwuliza mtu yule kwa nini hakuogopa kunyosha mkono wake.

Kwa hiyo mimi, mganga na mhubiri, ninakiri hivi mbele yenu: uhai ni wa Mungu, nasi tumepewa kuutunza, si kuukata. Lakini tusiwatukane watu wa Ubelgiji. Wengi wa madokta wale walisukumwa na huruma walipoona mateso. Huruma si dhambi. Swali ni hili, huruma itushike mkono na kutupeleka wapi?

5. KWETU CONGO

Kwetu Congo hakuna sheria inayoruhusu tendo hili. Anayemwua mgonjwa, hata akiombwa, hata na jamaa yote ikikubali, Serikali inamhesabu kuwa ameua mtu. Hakuna mganga wa hospitali ya misioni aliyepewa ruhusa hiyo, na ukisikia mtu anajisifu kwamba anaweza kukusaidia namna hiyo kwa franka, umwambie dokta mkubwa mara moja.

Nasi pia tunaangaliwa. Mofini haikai mezani kama vidonge vya malaria. Inafungwa kwa ufunguo, na kila kipimo kinachotoka kinaandikwa katika kitabu: siku, jina la mgonjwa, kiasi, na sahihi. Mataifa yalipatana mwaka 1961 kwamba kila Serikali ihesabu dawa za namna hii. Ukitaka kujua ni dawa gani amepewa baba yako na kwa sababu gani, uliza. Mganga mwema hakasiriki akiulizwa.

6. MOFINI SI DAWA YA KUMALIZA

Mofini ikipimwa vizuri haiui mgonjwa, inaua maumivu. Shika mambo haya:

Kwanza, mara nyingi tunaitoa kwa maji ya kunywa, kila saa 4. Usingoje maumivu yarudi ndipo umpe. Mpe kwa saa yake.

Pili, siku za kwanza mgonjwa anaweza kulala sana. Mara nyingi ni kwa sababu amekosa usingizi muda mrefu, na dawa nayo ni ngeni mwilini. Lakini asipoamka akiitwa, au akipumua polepole mno, ita mganga upesi.

Tatu, inafunga tumbo. Kwa hiyo tunatoa pamoja nayo dawa ya kulainisha choo. Usiiache.

Nne, usiongeze wala usipunguze mwenyewe, wala usimpe mtu mwingine. Dokta ndiye anayepanga kiasi.

Kwa jirani zetu wa Uganda kazi hii ilianzishwa mwaka 1993 na dokta Anne Merriman, na wagonjwa wengi wamekunywa mofini wakiwa nyumbani kwao, kati ya watoto wao.

7. YULE MZEE ALIOMBA NINI?

Nirudi kwa yule mzee. Aliporudishwa, aliniita karibu. Akasema, «Mwanangu, nimechoka. Nipe shindano la kulala, nisiamke.» Sikumkemea. Nilikaa kitandani pake, nikamwuliza, «Baba, katika mambo haya yote, ni lipi linalokulemea kuliko mengine?»

Alikaa kimya, kisha akasema, «Harufu. Wajukuu hawanikaribii tena. Na mbuzi wangu wote wameuzwa kwa ajili yangu.»

Hakuna hata neno moja hapo lililohitaji kifo ili liponywe. Maumivu tuliyatuliza kwa mofini, ingawa si yote. Kidonda tulikiosha kila siku na kukinyunyizia unga wa metronidazoli, na harufu ikapungua. Wazee wa kanisa walikuja wakalipa deni la hospitali, ili mbuzi asiuzwe tena. Jumapili mjukuu wake wa miaka sita alipanda kitandani akalala ubavuni pake. Mzee hakuniomba tena shindano. Alikufa wiki ya tano, alfajiri, mwanawe wa kwanza akimshika mkono. Ndiye yule aliyeogopa mofini.

Kumbuka Eliya chini ya mti, katika 1 Wafalme 19. Yeye naye aliomba afe. Mungu hakumwua, wala hakumkaripia. Alimpa usingizi, mkate na maji, tena mara mbili.

Mwenzako akisema «nataka kufa», usikimbie. Mwulize ni nini kinachomlemea, ubebe upande mmoja, na wengine wabebe upande wa pili.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Kwa nini haifai mtu awe mwangalizi wa tendo lake mwenyewe?
2. Kwa nini Daudi hakufurahi aliposikia habari za Mwamaleki?
3. Mofini inapewa kila saa ngapi, na inafuatana na dawa gani?
4. Katika kanisa lenu, ni mgonjwa gani ambaye watu hawamkaribii tena? Nani atakwenda kwake wiki hii?

Bwana awabariki.